Namba Arobaini na Moja

Zimeni redio hiyo, wanangu, mnisikilize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja, si ya kurudia. Binti yangu, kaa hapa miguuni pangu. Na wewe kitindamimba wangu, uliyesimama mlangoni kama mgeni anayeulizia nyumba ya jirani, subiri hapo hapo kwanza, zamu yako inakuja.

Mepesi niyamalize mapema. Cherehani ni ya binti yangu, aliyeshona nami tangu miguu yake haijafika kwenye pedali. Nyumba ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake, na shangazi yenu akija kudai kwamba marehemu kaka yake alimwahidi chumba cha nyuma, mpeni chai, chumba msimpe. Zile nguo tatu nilizokata sikuzishona, zirudisheni kwa wenyewe pamoja na mabaki ya vitambaa, hata kipande cha kiganja, kwa sababu fundi huaminiwa kwa vipande anavyorudisha.

Sasa santuri zangu, hizi zilizojaa katika rafu aliyoijenga baba yenu ukuta mzima. Watu walinicheka sana, fundi cherehani na muziki wa klasiki wapi na wapi. Lakini nilipomshonea mke wa muuza santuri gauni la harusi, mumewe alinipa santuri moja na katalogi ya kampuni iliyoitoa, kijitabu chenye santuri zao zote, namba kwa namba. Lugha za kwenye majalada sizijui, na majina ya watunzi yananivunja ulimi, ila namba nazijua. Nikasema nitaanza na moja, nipande bila kuruka, na kila niliyoipata nikaitia alama kwa chaki ya kukatia nguo. Namba nane ni piano peke yake, inatembea polepole kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Namba kumi na tisa upande wa kwanza ni makelele matupu, nikaichukia mwaka mzima, hadi siku nilipougeuza upande wa pili nikashona suruali nzima huku machozi yananitoka. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kitu hakihukumiwi kwa upande mmoja. Nilijifunza hilo kwa santuri, nikashindwa kulitumia kwa mwanangu.

Ndiyo, nakusema wewe wa mlangoni. Namba arobaini na moja, ile ya watu wanne na fidla zao kubwa na ndogo, wanaozungumza kwa zamu bila kukatizana, ilikuwa yetu mimi na wewe. Ulikuwa ukikaa chini ya meza ya kukatia unaokota pini kwa sumaku, na ikifika pale fidla kubwa inaposhuka ulikuwa unaacha kila kitu. Ulipokuwa kijana uliniomba ukawasikilizishe wenzako, nikakataa. Wiki ile ile nikafungua jalada, nikakuta halina kitu. Sikuuliza, sikutafuta. Nilikuita mwizi mbele ya wateja wawili, nikakwambia mguu wako usikanyage tena chumba hiki. Ukasema mara moja tu, "Mama, sikuichukua," ukatoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanangu. Miaka kumi na moja hujakosa kuja kunijulia hali, sindano za gramafoni umeniletea, dawa umeniletea, lakini kizingiti hicho hujakivuka, na vyote ulimpa dada yako akanipokelea.

Nipe maji kidogo, binti yangu. Inatosha.

Mnajua nilivyokuwa nikibadilisha santuri, pini mdomoni na nguo mkononi: natoa mpya, na ile ya kwanza naisukumiza katika jalada lililo karibu, nikisema nitapanga jioni. Siku moja ya wiki ile nilitoa kumi na nne, nikaitia arobaini na moja ndani ya jalada la hiyo kumi na nne. Kisha kumi na nne ikanichosha, nikairudisha juu ya mwenzake, nikaipandisha rafuni, nisiiguse tena miaka minane. Nilipoishusha, jalada lilikuwa zito, santuri mbili ndani. Mwizi ulikuwa mkono huu. Na hilo lilikuwa miaka mitatu iliyopita, wanangu, nikazirudisha zilivyokuwa, na miaka hiyo yote nikanyamaza, kwa sababu niliona haya mtu mzima kumwomba radhi mtoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeficha mpaka nimelala hapa. Hukuiba, mwanangu. Nilikudhulumu mimi. Nisamehe.

Umesema nini? Sema kwa nguvu, masikio nayo yameanza kuniaga.

Ulijua?

Kumbe ni wewe, binti yangu, uliyezikuta zote mbili katika jalada moja mwaka juzi ukifuta vumbi, ukamwambia ndugu yako. Naye akakukataza usinitajie, akasema mama ataaibika, mwache, atasema mwenyewe akiwa tayari. Miaka miwili, mwanangu, ulisimama hapo huku ukijua, na ulichoniuliza ni kama nimekula. Na mimi nikidhani ninayekuficha ni mimi.

Basi sikiliza, mwanangu. Santuri zote ni zako, na katalogi ni yako. Nimefika namba sabini na mbili. Sabini na tatu ipo hapo juu, bado haijafunguliwa, sijui ina nini ndani. Nizikeni bila makuu. Msigombane, na mkigombana mmoja aulize kabla ya kusema. Mungu awape watoto wenye subira kama... kama hii niliyopewa mimi, nisiyostahili. Radhi yangu mnayo, nyote wawili, haina kipande kilichobaki kwangu.

Arobaini na moja usiiweke, nitalia, na kulia kunataka nguvu. Weka hiyo mpya. Tuisikie... sote kwa mara ya kwanza.

Huwezi kuiweka ukiwa huko, baba. Nilikukataza mimi, na mimi ndiye nasema.

Ingia.