Mwalimu Matilda na Wanafunzi Asiowaona

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele hapo mlipo. Leo tunamkumbuka mwalimu. Mwalimu Matilda Shirima, mzaliwa wa Rombo, mkazi wa Upanga, aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na miwili. Alifundisha Biolojia sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini wengi wanaomlilia leo hawakuwahi kukaa kwenye darasa lake. Narudia, wasikilizaji: hawakuwahi kukaa kwenye darasa lake.

Habari hii inaanzia mwaka 2017, kidato cha pili. Kulikuwa na binti wa Mchafukoge, jina lake Hajira Abdulkadiri. Hajira alikuwa anasinzia. Kipindi cha kwanza anasinzia, cha pili anasinzia. Na Mwalimu Matilda alikuwa mkali, hata ndugu zake hawafichi. Siku hiyo alifunga kitabu, akamwambia, "Toka. Usikanyage hapa mpaka uje na mzazi."

Hajira akatoka. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, hakuja. Dawati akapewa mwingine, na mwalimu mwenye wanafunzi mia na ushee akasahau.

Ikapita miaka miwili. Jumamosi moja Mwalimu Matilda alikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kutafuta zipu ya gauni. Mnaujua Mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi: hutembei, unasukumwa. Akafika kwenye kifremu cha zipu, vifungo na nyuzi. Muuzaji akainua uso.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama vizuri. "Hajira? Mbona hukurudi shule?"

"Ulisema nije na mzazi. Mama alikuwa amelazwa, mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Mpaka leo hainuki kitandani. Baba simjui alipo. Sasa ningekuja na nani?"

Hajira akashusha macho kwenye bidhaa zake.

"Unataka zipu ya inchi ngapi?"

Mdogo wake Mwalimu, Bwana Severine, ana duka la jumla la mabegi hapo hapo Kariakoo. Anakumbuka: "Dada alipita dukani kwangu mchana ule. Nikamwambia karibu kiti, hakukaa. Akasema, 'Severine, mimi nimemfukuza mtoto wa watu.' Akalia mbele ya wateja wangu. Mimi sikuwahi kumwona dada akilia."

Jumatatu akarudi kwenye kifremu kuomba msamaha. Hajira akaendelea kuhudumia wateja. Jumanne akarudi. Jumatano akarudi.

"Nilikuwa na hasira naye, nisikudanganye," Hajira ametuambia. "Nilitaka aondoke. Alhamisi nikamuuliza, mwalimu, kwani unataka nini kwangu? Akasema, nataka usome. Nikamwambia, mimi na darasa basi tena. Nina mama ndani, nina biashara ya shangazi. Akasema, sawa, darasa tuliache. Masomo yatakuja hapa ulipo."

Yalikuja kwa simu, wasikilizaji. Mwalimu alirekodi sauti yake na kumtumia Hajira kwa WhatsApp. Upanga honi za bajaji haziishi, kwa hiyo alijifunika blanketi zito kichwani, kwenye joto hili la Dar, akaeleza safari ya damu mwilini huku jasho linamtoka. Alieleza kwa Kiswahili kwanza, kisha akataja neno la Kiingereza litakalokuja kwenye mtihani. Walimu wenzake wawili wakaongeza Kemia na Fizikia. Hajira akasikiliza kwa sikio moja. La pili aliwaachia wateja.

Mwaka 2020 Hajira akafanya mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia njia mtu aliyekatisha sekondari kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Akafeli. Narudia, alifeli.

Mwalimu alidhani binti hakusikiliza. Hajira akamwambia ukweli: "Mwalimu, somo moja dakika arobaini. Mteja akiniita nimepotea. Nikirudi sijui tuliishia wapi."

Hapo Mwalimu Matilda akafanya jambo ambalo walimu wachache wangelifanya. Likizo ilipofika, akaja na kigoda chake, akakaa kwenye kifremu kile siku nne kutwa nzima. Akawa anaangalia. Mteja mmoja anachukua muda gani. Hajira anapata utulivu saa ngapi. Mwanzoni shangazi mtu akanung'unika kwamba mwalimu anaziba njia. Siku ya tatu alikuwa anamletea chai.

Akarudi nyumbani, akafuta yote aliyorekodi. Akaanza upya, dakika nne nne, jambo moja tu kila somo. Na katikati ungemsikia akisema, "Hapa simamisha. Hudumia mteja wako. Nakusubiri."

Hajira alipoyapata hayo, akamrushia jirani yake muuza mitandio. Jirani akamrushia mama lishe. Makuli wakayapata, mafundi cherehani wakayapata. Mwalimu akaulizwa, je, wazuiwe? Akasema, "Waacheni. Nimefukuza mmoja, inatosha."

Mwaka uliofuata Hajira akafaulu. Kidato cha nne akafaulu. Leo yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa pili. Wengine hawakufaulu, tusidanganyane. Wengine bado wanajaribu.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Matilda aliagwa Ijumaa, nyumbani kwake Upanga. Viti vya mbele walikaa ndugu na walimu. Nyuma walisimama watu ambao familia haikuwajua, wengine bado wamevaa nguo za kazi. Eliasi, kuli wa Kariakoo, alimwambia mwenzetu, "Nimekuja nimwone. Miaka mitatu ananifundisha, sijawahi kumwona."

Kisha akainuka dada mkubwa wa marehemu, Mama Angelina, kutoka Rombo. Kumbe sauti yake na ya Matilda ni moja. Akasema tu, "Wanangu, asanteni kuja. Sogeeni, mkae."

Kule nyuma kilio kikapasuka kwa pamoja. Eliasi akakaa chini, akafunika uso kwa kofia. Mama Angelina akashtuka, akadhani amekosea neno. Hajira ndiye aliyemwendea, akamshika mkono, akamnong'oneza. Yule mama akafuta machozi, akarudi kusimama, akaendelea kuzungumza polepole ili wamsikie vizuri.

Kwa Mama Angelina, kwa Bwana Severine na ukoo wote wa Shirima, poleni sana. Poleni na ninyi mliosimama nyuma, maana nanyi ni wafiwa. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayetusikia, kuna jambo unalijua vizuri, na kuna mtu analihitaji ambaye hawezi kuja ulipo. Mfikirie ni nani. Tunanyamaza dakika moja, umfikirie.