Marehemu Aliyekataa Kufa Kabla ya Hukumu

Poleni sana ndugu na majirani, mimi ni wifi yake marehemu, mabinti zake wananiita shangazi, nimepewa kazi ya kusoma historia yake na nimeonywa nisicheke, nitajitahidi.

Wifi yangu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, akasoma mpaka darasa la nne, baba yake akaugua, akaanza kufua nguo za watu, na mwaka 1976 akaajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akasugua mashuka kwa sabuni kali miaka thelathini na mmoja, mpaka vidole vikawa laini kama mgongo wa kijiko. Tarehe 12 Agosti 1979 aliolewa na kaka yangu, fundi saa aliyechelewa kila mahali, hata harusini, wakapata mabinti wawili, hawa hapa.

Kaka alipotutoka, wifi akaandikishwa posho ya wazee maskini, ambayo kila miezi mitatu lazima uweke dole gumba kwenye mashine kuonyesha uko hai, na Juni 2021 mashine ikalikataa dole lake, karani akaandika amefariki, wifi kasimama mbele yake, akamwambia, "Mwanangu, maiti gani anapanga foleni tangu alfajiri?" naye akajibu, "Mama, mashine ndiyo inayojua."

Akaenda Mahakama Kuu, kesi ikafunguliwa kwa jina lake kwa niaba ya wenzake mia nne waliofutwa vilevile, hukumu ikaahirishwa mara mbili, na Januari mwaka huu figo zikagoma, daktari akanivuta pembeni akasema ni siku chache, wakili naye akasema akifa kabla ya hukumu kesi inaweza kufutwa, wote waanze upya. Nikamwambia, "Wifi, Ijumaa ya hukumu hiyo hapo, usituangushe," akasema, "Nife sasa, yule karani aseme si nilisema?"

Ijumaa tarehe 9 Februari nilikaa mahakamani, simu mkononi, binti mkubwa kashika yake kitandani kwa mama, jaji akasoma saa mbili nzima, ndipo akasema maskini hanyimwi chakula kwa sababu ya kidole kilicholiwa na kazi, warudishwe wote, nikapiga kigelegele, askari akanitoa nje. Wifi alikisikia, akauliza, "Wote?" akaambiwa wote, akafumba macho, saa kumi jioni akaondoka.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliopokezana kukesha naye, na wenzake wa chumba cha kufulia waliompigia pasi shuka la mwisho.

Kesho nakwenda ofisini na cheti, yule karani aandike tena amefariki, safari hii kwa ushahidi.

Pumzika kwa amani, wifi yangu, mikono imemaliza kazi.