Mama Chepkosgei na Kura Iliyoipeleka Magunzi Bungoma

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko shambani na redio umeitundika kwenye ua, sogea karibu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa na sauti kubwa kuliko hiyo redio yako. Chepkosgei Kemboi, mwenye kinu cha unga pale Matisi, Kitale, ametutoka. Alizikwa kwao Ndalu Ijumaa iliyopita. Ndiye yule yule, Chepkosgei wa Magunzi.

Sauti ile alipewa na kinu. Ukisimama kando ya mashine inayonguruma miaka nenda miaka rudi, unasahau kunong'ona. Hata kanisani, akimweleza Mungu jambo la siri, viti vya mbele vilijua. Binti yake, Jerono, aliniambia kwamba utotoni hawakuwahi kugombezwa peke yao. "Mtaa mzima ulikuwa unagombezwa na sisi," alisema. Akacheka, kisha machozi yakamshinda.

Sasa, Magunzi ni timu ya mpira. Zamani wageni waliwatania vijana wa Matisi, ati hawana lolote ila magunzi ya mahindi. Mashabiki wakalichukua jina, wakalivaa kama jezi. Timu hiyo haikuwa na tajiri. Wenye timu walikuwa mashabiki wenyewe. Baada ya mavuno, kila mmoja alileta kinuni kwa Chepkosgei gorogoro moja ya mahindi, mkebe ule ule wa kupimia sokoni. Ukileta gorogoro, wewe ni mwanachama. Ukileta gunia zima, asante sana, lakini kura yako bado ni moja tu.

Kura nayo ilipigwa uwanjani, kwa mlolongo. Upande huu unapanga foleni nyuma ya goli hili, upande ule nyuma ya goli lile. Na kura ya uwanjani hairudiwi. Sheria hiyo ilitungwa na Chepkosgei mwenyewe, siku walipomchagua mwenyekiti.

Akatokea mfanyabiashara mmoja wa Bungoma. Alitaka kuinunua Magunzi, aihamishie kwao na kuibadilisha jina. Timu ilikuwa imepanda ligi, safari zilikuwa ndefu, na wachezaji walikuwa wamechoka kuahidiwa. Wapo waliosema tuiuze. Chepkosgei hakutaka hata kusikia. Timu ile ilikuwa roho yake.

Akaita mkutano uwanjani. Akapaza sauti: wanaotaka kuuza, nyuma ya goli la barabarani. Wanaokataa, nyuma ya goli la mtoni.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo alipokosea. Goli la mtoni ni la mashabiki wageni. Mtu wa Magunzi hakuwahi kukanyaga huko, maana waliamini kwamba ukisimama kule, timu yako inafungwa. Waliochelewa hawakuuliza kitu, walielekea goli la barabarani walikozoea. Wengine walisikia vizuri na walijua la kufanya, lakini miguu iliwakatalia. Chepkosgei alisimama kule mtoni na watu wachache, akiwaita wenzake kwa sauti yake yote. Wao walimpungia mkono tu kutoka upande wa pili.

Katibu wao, Gichuki, alihesabu. Kuuza kulishinda.

Uwanja ukachafuka. Gichuki akamkimbilia. "Mama, si useme tu tupige tena? Kila mtu anajua watu wamechanganyikiwa, bana!"

Chepkosgei alitoka kule mtoni, akavuka uwanja hadi katikati. Kisha akasema: "Nikirudia leo kwa sababu nimeshindwa, kesho mwingine atarudia kwa sababu ameshindwa. Hiyo timu itakuwa ya nani sasa? Magoli niliyapanga mimi. Kosa ni langu. Kura imekwisha."

Timu ikaenda Bungoma. Mama wa watu akabaki Matisi na lawama. Wapo waliomwita msaliti. Wapo waliopita na mahindi yao mbele ya kinu chake wakaenda kusaga mbali. Siku hizo aliumia sana, na hakuficha. Jerono anasema alimkuta mara nyingi ameketi kando ya mashine iliyozimwa. "Nilimwambia, Mama, achana na mpira. Akaniambia, mimi sikupenda mpira ati ndio nishinde kura."

Akaanza kusafiri kwenda Bungoma kutazama timu yake ile ile, sasa ikiwa na jina la yule mfanyabiashara. Kule mashabiki hawakuulizwa lolote. Kocha alifukuzwa, wakasikia barabarani. Jezi zilibadilishwa, wakaziona siku ya mechi. Halafu yule tajiri akachoka. Akaiacha timu kama mtu anavyoacha kibanda baada ya mnada, wachezaji wakabaki bila hata mpira wa mazoezi.

Ndipo Mzee Sitati, shabiki wa Bungoma, akapanda gari na wenzake hadi Matisi. Walimkuta Chepkosgei kinuni. "Mama," Sitati akamwambia, "sisi tunapenda hii timu lakini hatujui kuishika. Nyinyi mlikuwa mnafanya aje?"

Watu wa Matisi walifurahia msiba ule. Wengi walisema, iwafie huko huko! Wengine wakasema sasa irudi Kitale, na mtu wa Bungoma asiingizwe. Chepkosgei aliwajibu mbele ya Sitati, kwa sauti iliyozidi mashine: "Hawa wameilia kama sisi. Mtu aliyelilia kitu chako, utamwitaje mgeni?"

Msimu uliofuata, mahindi yalipimwa Matisi na yakapimwa Bungoma. Jina la Magunzi likarudi. Mechi moja Kitale, nyingine Bungoma. Walimwomba Chepkosgei awe mwenyekiti tena, akakataa. Alileta gorogoro yake na kupanga foleni kama watu wengine, akilalamika kwamba foleni haisogei.

Mwaka huu sukari ilimzidi. Siku zake za mwisho hospitalini, Gichuki na Mzee Sitati walikwenda kumwona. Walikuwa na habari njema. Wanachama wa Kitale na wa Bungoma walikuwa wamekubaliana kwa kauli moja: timu iitwe Chepkosgei. Jerono alikuwepo. Anasema mama yake alivishika viganja vya wote wawili, akavuta pumzi. Sauti haikuwepo tena, ilibidi wainame.

"Msinipe," akawaambia. "Mkiipa jina la mtu mmoja, mtakuwa mmeiuza tena."

Kwa Jerono, kwa ukoo wote wa Kemboi pale Ndalu, kwa majirani wa Matisi na mashabiki wa Bungoma, poleni. Poleni sana. Mungu awashike mkono, na ampumzishe mama yetu pema.

Na wewe unayenisikiliza, una kanisa, una chama, una ushirika wa maziwa. Unasema ni chako. Siku wenzako watakaposimama upande mwingine, jiulize kama utaendelea kukipenda. Yeye alishindwa, akaendelea. Magunzi wanacheza kesho, na mlango wa uwanja uko wazi kwa kila mtu.