Mama Bado na Kipande cha Mwisho cha Jiwe

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, nesi mkuu wa Chumba cha Upasuaji Namba Mbili atavua kofia yake ya kijani na hataivaa tena. Ametumikia hospitali hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameniambia nisiisahau, maana nayo aliifanyia kazi.

Kwenye faili lake kuna jina kamili. Kwetu sisi ni Mama Bado, na hata wakubwa wa utawala humwita hivyo wakijisahau.

Alianza enzi ambazo kutoa jiwe kubwa la figo kulimaanisha kumpasua mtu ubavuni, mkato mrefu, na mgonjwa alilala wodini wiki kadhaa akiogopa hata kukohoa. Miaka kumi na sita iliyopita zilipoletwa mashine za kuingilia mgongoni kwa tundu dogo, lisilofika upana wa kidole, wenzake wengi walisema hayo ni mambo ya kupita. Yeye, akiwa na miaka arobaini na minne, aliomba kujifunza. Alimganda fundi wa mashine hizo wiki mbili, akichomeka na kuchomoa kila bomba, mpaka fundi akamuuliza kama anataka kumpokonya kazi.

Kwa wasomaji wa idara nyingine: daktari huingiza kamera kupitia tundu hilo na kulivunja jiwe humo humo ndani. Vipande hutolewa kwa koleo jembamba, na vingine hutoka na maji ya kusafishia figo vikaangukia kwenye beseni. Hapo ndipo penye utaratibu wa Mama Bado, ambao haumo kwenye kitabu chochote. Huvipanga vipande juu ya shashi yenye maji, huku akiitazama picha ya eksirei ukutani, mpaka jiwe lirudie umbo lake. Mawe haya huwa na matawi kama tangawizi. Vumbi hulisamehe, kipande hakisamehe. Akiona pengo husema neno moja tu: bado.

Ametaniwa sana. Daktari mmoja alimuuliza kama hata nyumbani huunganisha sahani zilizovunjika. Akamjibu kwamba nyumbani kwake sahani hazivunjiki.

Lakini kuna siku moja ambayo haikuwa ya utani, na siwezi kuiruka. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mwenye figo moja tu, na hiyo moja imejaa jiwe. Vipande vilitoka vizuri. Mama Bado akavipanga, akakuta ncha ya tawi moja haipo. Akasema bado. Daktari akarudi ndani na kamera, akatafuta dakika ishirini bila kuona kitu. Maji yakaanza kuwa mekundu. Figo ile haikuwa na mwenzake wa kuisaidia, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

Aliyebadilisha beseni siku hiyo ni mimi. Nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi, mtoto anaota meno, na nilimwaga maji bila kuyapitisha kwenye chujio. Nilikumbuka daktari akiendelea kutafuta. Nikanyamaza, nikiomba kipande kionekane kwingine. Mwishowe nikasema. Daktari akasimamisha kazi. Mama Bado hakupaza sauti, alinyoosha kidole kuelekea chumba cha kuoshea vyombo. Nikapiga magoti chini ya sinki, nikafungua kiwiko cha bomba kwa mikono yangu, na kipande kilikuwemo, kama punje ya maharage. Kikaingia pengoni sawasawa. Mgonjwa akafungwa, na figo yake ikapona.

Baadaye alinifungulia kitabu cha taarifa, akanipa kalamu. “Kuchoka nakuelewa, mwanangu,” alisema. “Ila zile dakika ulizonyamaza, andika nazo.” Nikaziandika zote sita. Kesho yake nikakuta amebadilishana zamu na mimi ili niwahi kurudi kwa mtoto, na amebandika karatasi mlangoni: beseni halitoki mpaka jiwe litimie. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, na imekuwa sheria ya vyumba vyote vinne.

Wiki iliyopita, kwenye upasuaji wake wa mwisho, hakuosha mikono ili ashike vifaa. Alisimama nyuma, mikono mgongoni, akaniachia shashi. Nilipanga vipande thelathini na kimoja. Daktari akasema, “Haya jamani, tufunge tukanywe chai, tumuage Mama kwa heshima.” Wote wakamgeukia yeye. Yeye akanitazama mimi.

Nikasema, “Bado, daktari.”

Alinung'unika, akarudi ndani. Kipande kilikuwa kimejificha kwenye kona ya chini ya figo, kidogo kama dengu. Kilipotua mahali pake, Mama Bado alisogea, akakikagua bila kukigusa, kisha akauliza hiyo chai iko wapi.

Mama, asante kwa kila mgongo uliokataa ufungwe mapema, na kwa kalamu ile. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, na chai unayoimaliza ikiwa ya moto. Huku usiwe na wasiwasi. Beseni halitoki.