Ndiyo Moja ya Chumba cha Barafu

Njooni karibu, wanangu, nyote watatu, na huo mlango urudisheni, baridi inanipata. Nadhir, kaa upande huu wa sikio zima. Hazim, tia hiyo simu mfukoni. Na wewe Kuruthum, usilie mapema, mama, bado sijafa, na ninayotaka kuyasema hayataki machozi, yanataka masikio. Daktari alichokwambieni huko nje sikijui wala sikiulizi. Kifua hiki changu, na mimi ndiye niliyekitia kwenye barafu ya watu miaka yote ile.

Mali yangu si ya kumpotezea kadhi asubuhi nzima. Kiko kile kipande cha mitende kule kijijini Samad pamoja na zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, alichoniachia marehemu babu yenu, aliyeondoka huko kijana akaenda kuzikwa Tabora; hicho gawaneni kama Mola alivyogawa, kaka mafungu mawili mawili, dada fungu moja, na asitokee wa kumwambia mwenziwe mitende yako inazaa kushinda yangu. Na iko nyumba hii ya hapa Sur. Nyumba hii nataka apewe Marhoun.

Naam, Marhoun. Mbona mnatazamana? Najua kwamba nyumba inapita thuluthi ya nilicho nacho, na sharia inasema kinachozidi thuluthi haendi nacho mtu wa nje ila warithi wenyewe waridhie, mimi nikishakufa, kila mmoja kwa fungu lake. Kwa hiyo neno langu peke yake halitoshi, nalihitaji lenu. Na neno lenu nilishawahi kulihitaji mara moja.

Mnaukumbuka mwaka ule baada ya kimbunga. Sote wanne tulikuwa kiwanda kimoja cha samaki, chumba kimoja cha barafu, na mimi ndiye niliyekutieni kazini, mmoja baada ya mmoja, kwa heshima ya jina langu. Wadi, ule mto mkavu, ulipofurika ukaingia ndani ya kiwanda, sisi ndio tuliochota tope kwa makoleo hadi viganja vikachubuka, na mwisho wa mwezi mudiri, mwenye kiwanda, akatukata mshahara wa siku zote ambazo mashine hazikuzunguka, ati hatukufanya kazi. Lahaula! Na makoti ya baridi yalikuwa matambara. Nikiomba jingine naambiwa subiri, Mzee Hashil, subiri. Ndipo Marhoun, naye alikuwa kiwandani humo, aliposema kwamba siku hizi tumeruhusiwa kuwa na chama cha wafanyakazi, basi tukiombe kwa adabu, na akapitisha karatasi, kila mtu na yake, aandike jina na atie saini kwamba anakitaka.

Zenu mlizisaini hapa hapa, juu ya mkeka huu, kahawa mbele yenu. Nilisaini mimi kwanza, nikampa Nadhir kalamu, Nadhir akampa Hazim, Hazim akampa dada yake, naam baba, naam baba, naam baba. Marhoun akaniambia, "Bwana Hashil, waache vijana wakalale nazo kwanza." Nikamcheka. Nikamwambia mficha uchi hazai, na wanangu mimi hawana la kuficha.

Mudiri alipopelekewa karatasi hakuzichana, mjanja yule. Alisema hizi zimesainiwa watu wakitazamana usoni, na nani atakataa mbele ya mzee wake? Kura ni baina ya mtu na Mola wake, akasema, tupige kwa siri, na mkishinda nitakuwa wa kwanza kukupeni mkono. Marhoun akasimama akamjibu kwamba mtu aliyekwisha kusema ndiyo kwa jina lake haulizwi mara ya pili, ila na anayetaka muda wa kumvuta pembeni. Wakabishana mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, na mudiri akashinda, maana kiwanda kilikuwa chake. Muda akaupata. Ofisi yake ikawa kama nyumba ya mganga, watu wanaingia mmoja mmoja na kutoka wakitazama chini.

Siku ya kura, kwa kuwa chumba cha barafu hakiachwi, tuliletewa boksi letu mlangoni, lile jeupe la kupakia nguru, limetobolewa juu kwa kisu. Tulitia sisi wanne tu. Jioni mudiri akayafungua maboksi mbele ya watu wote na kuyasoma moja moja, madereva, wapakiaji, mpaka akafika kwetu. Chumba cha barafu, ndiyo moja, hapana tatu.

Inueni vichwa. Ile ndiyo ilikuwa yangu, nanyi mnajua. Mlisikia kama nilivyosikia. Tukarudi gari moja, Kuruthum akapakua wali, tukala sinia moja, na toka siku hiyo mpaka leo hakuna aliyefungua mdomo. Chama kikaanguka. Nadhir, ukawa supavaiza kabla makoti mapya hayajafika. Hazim, ukapewa barua ya kukopea benki ukaoa, na biriani ya harusi yako ilinikwama hapa, wallahi, hapa. Kuruthum, wewe ukabakishwa zamu ya asubuhi ili uwahi kumnyonyesha mtoto. Wewe nilikusamehe zamani. Lakini Nadhir, mtoto wangu wa kwanza! Niliyembeba mgongoni siku ya kupanda meli ya kuja huku! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo watakaosema kosa ni la mzee, nani alimtuma kuwasainisha watoto mkekani kwake? Na waseme. Mimi nilimtaka mmoja wenu tu anitazame aniambie, baba, mimi sitaki, naogopa. Ningemtukana, naam, mtaa mzima ungesikia, na kesho yake ningemwita tule. Hapana ya usoni nilikuwa naiweza. Hii ya ndani ya boksi la samaki ndiyo iliyonishinda.

Na Marhoun aliisikia hesabu ile ile. Wiki haikwisha akafukuzwa, yeye aliyepitisha karatasi. Nyumba yake ilikwenda na wadi, anaendesha tangi la maji la mtu, amepanga chumba yeye na mkewe. Kila Ijumaa anakuja kunitazama, nanyi mnampa shikamoo, naye anakuitikieni kwa majina, marahaba Nadhir, marahaba Hazim, na hajauliza kitu hata siku moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nipe maji, Kuruthum... Basi, yatosha.

Nizikeni hapa Sur, msinihangaishe hadi Samad. Sanda imo kwenye kasha la marehemu mama yenu. Kaburini atanipokea Marhoun, na wewe Nadhir umpishe.

Nilitaka mnijibu kuhusu nyumba sasa hivi, mmenikabili. Lakini nakujueni, mtasema naam baba nyote watatu kabla sijamaliza kukohoa, na naam hiyo siitaki, nimeshaila, ni chungu. Nikishazikwa, kila mmoja aende kwa kadhi peke yake, mlango ufungwe, aseme ndiyo au aseme la. Akitoka, msiulizane.

Na radhi... Najua mnaingojea. Radhi yangu nakupeni sasa, kabla, nyote watatu, wewe Nadhir pia. Mudiri alitoa ahadi kabla ili anunue. Mimi natoa kabla msije mkadhani nauza. Mola akuwekeeni watoto wenu, wakusemeni usoni... wasikuogopeni. Amin. Semeni amin.

Sogea, Nadhir, sauti haitoki... Mtakapokwenda huko kwa kadhi, kumbukeni. Kura zitakuwa tatu. Ile ndiyo ya siku ile... ile yangu... safari hii haimo.