Mama Kisia na Ubao Usiofutwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa fizikia, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Kisia, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Sisi wa chumba cha kompyuta tumeshusha pumzi. Si kwa sababu anaondoka, msituelewe vibaya. Ni kwa sababu anaondoka na kitengo chetu kikiwa bado hai, jambo ambalo mwezi Januari hakuna aliyethubutu kuliota.

Kwa wasiomjua, kazi yake ni kuchunguza, ndani ya kompyuta, tando za atomi nyembamba mno: ukizipanga elfu kumi bado hujafikia unene wa unywele. Katika udogo huo umeme na mwanga hufuata kanuni za kwanta, nazo hazina adabu tuliyoizoea. Alipoanza alikuta meza, feni na kompyuta moja yenye kelele kama mashine ya kusaga. Anatuachia chumba kizima cha mashine, na wahitimu kumi na wanane wa uzamivu aliowalea na kuwagombeza kama watoto wake.

Jina la Mama Kisia lina chanzo chake. Miaka ile ya mwanzo, utando uliotarajiwa kuzuia umeme uliupitisha kama waya wa shaba. Alishangilia wiki nzima. Kumbe alisahau kuacha nafasi! Kompyuta hurudia utando uleule juu na chini bila mwisho, na nakala hizo zikikaribiana sana huanza kuingiliana. Utando wake ulikuwa unapiga soga na nakala zake wenyewe. Tangu hapo akaweka sheria: hakuna kuanzisha hesabu kabla ya kuandika kisio lako ubaoni, kisio halifutwi mpaka jibu lije, na mwenye kisio sharti awepo siku jibu linapotoka. Shemeji yetu, mumewe, fundi seremala, hulalamika kwamba hata nyumbani haonji mchuzi kabla hajakisia chumvi.

Mwaka huu maji yalitufika shingoni. Utawala ulisema wazi: wasiposajiliwa wanafunzi wawili wapya wa uzamivu kabla Mama hajastaafu, kitengo kinafungwa na chumba kinakuwa stoo ya viti vya mitihani. Tukatoa tangazo la nafasi. Lilikuwa kali kweli, lilidai mwombaji ajue mambo ambayo mimi, baada ya miaka kumi na mitano humu, nayajua nusunusu. Hakujitokeza hata mmoja. Mama alinuna, na sisi tukawa tunapishana naye kwenye korido tukiangalia sakafu.

Kisha akaliandika upya peke yake. Alisimulia kosa lake lote la utando, pamoja na aibu yake, halafu akasema tunatafuta watu wenye msingi wa fizikia na moyo wa kukubali kukosea, mengine tutawafundisha. Mkuu wa idara alitaka kulikatakata, akidai tutachekwa. Mama hakubishana naye. Alimpa chaki akisie maombi yatakuwa mangapi. Mkuu akaandika matano. Mimi nikaandika mawili, kwa dua. Mama mwenyewe akaandika sifuri.

Yalikuja zaidi ya arobaini. Sijawahi kuona mtu akifurahia kukosea kiasi kile. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akalia kidogo, nasi tukamsaidia. Binti na kijana waliochaguliwa walisajiliwa wiki iliyopita, na viti vya mitihani vijitafutie pengine pa kulala.

Jana aliwaita wote wawili wakisie tabia ya utando watakaoutafiti. Walipomaliza, naye akaandika kisio lake chini ya makisio yao, akalizungushia duara. Jibu litachukua kama miaka mitatu.

Mama, asante kwa kutufundisha kukosea bila kujificha. Tunakutakia maisha mema, usingizi wa kutosha na mchuzi uliokolea chumvi. Lakini sheria ni yako mwenyewe, na kisio lako liko pale. Ubao hatuugusi, na siku jibu likitoka tutakuwekea kiti.