Fundi Hatua na Waya wa Hatua Ishirini

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani au nyuma ya usukani, leo nawaomba msogeze redio karibu kidogo. Na mniwie radhi mkisikia kiti changu kikilia. Siwezi kutulia. Nimeshabadilisha kiti mara mbili na bado najiona kama nimekalia miiba. Kipindi ni kile kile cha kuwakumbuka waliotutoka, lakini leo nina haraka nacho, na sababu ya haraka hiyo mtaijua.

Tunamkumbuka Fundi Hatua. Fundi wa jenereta, mwenye duka lenye mlango wa njano, jirani na wauza matairi. Alifariki juzi Jumatano, mchana, akiwa na miaka sitini na minane. Tumemzika jana. Leo ni Ijumaa, na kesho ni Jumamosi. Zishikeni siku hizi, wasikilizaji wapendwa. Hiyo Jumamosi ndiyo inayonikosesha raha.

Kama hujawahi kulala porini kwa hiari yako, pengine humjui. Lakini waulize wawindaji wenye vibali. Waulize wapiga picha za ndege. Waulize akina baba na mama wanaopakia watoto na sufuria kwenye gari mwisho wa wiki, wakaenda kulala kwenye hema ilhali nyumbani kuna kitanda kizuri. Hao wote walipita dukani kwake kutafuta kitu kimoja: jenereta ndogo ya kubeba, isiyopiga kelele. Mwindaji hataki kelele kwa sababu mnyama hamsubiri mtu. Mwenye familia hataki kelele kwa sababu ndizo alizozikimbia mjini.

Fundi alikuwa na namna yake ya kuuza, na ukitazama vizuri ilikuwa namna ya kufukuza wateja. Ukiingia ukaelekeza kidole kwenye mashine kubwa inayong'aa, atakuuliza unakwenda kuwasha nini. Taa mbili? Simu? Friji dogo la kuwekea nyama? Anajumlisha kichwani, kisha anakwambia hiyo kubwa labda kama unataka kuwashia mtaa mzima. Anakuletea ndogo, iliyofunikwa mwili mzima, ya kubebwa kwa mkono mmoja. Anaiwasha. Halafu anakukalisha kwenye benchi, hatua saba kutoka pale ilipo, na anasema: haya, nisimulie safari yako. Usimulie kwa sauti ya kawaida. Ukipandisha sauti hata mara moja, mashine hiyo haikufai. Anaizima na kuleta nyingine.

Kuna mwindaji mmoja, kazi yake kinyozi, ana sauti ya kuamsha wafu. Fundi alimletea mashine tano, na mbele ya zote tano alipaza sauti. Mwisho Fundi akamwambia, ndugu yangu, mashine zote ni nzima, mwenye kelele ni wewe, na hao kanga unaowawinda watakukimbia wewe. Kinyozi alinisimulia haya jana makaburini. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua kofia na kujifutia macho.

Fundi mwenyewe hakukaa kwenye benchi lile. Hakuwa mtu wa kukaa. Mkewe anasema katika miaka arobaini hakuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai bila kuinuka. Chai ilianzia mezani, ikapitia dirishani, ikamalizikia mlangoni. Ukimwambia kaa, anakaa, na kabla hujageuka ameshasimama anasikiliza kitu barabarani.

Na jina la Hatua alilipata hivi. Ukishanunua, anakuletea waya. Waya mweusi, mnene, aliouunga mwenyewe, na kila baada ya hatua tano ameuzungushia utepe mwekundu. Urefu wake hatua ishirini. Hauuzwi. Unatoka na mashine, na mashine bila waya haitoki mlangoni. Anakushika mkono, mnatoka wote barabarani, mnahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, mbele za watu. Mashine ikae kule, bomba la moshi litazame mbali, na hema liwe huku. Watu wazima na ndevu zao wanahesabu hatua kama watoto wa chekechea. Mtaa mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka.

Sote tulidhani ni mambo ya kelele. Tukasema, mbona mashine yenyewe haisikiki, hatua ishirini za nini?

Jana, baada ya mazishi, nilikaa na mjane wake chumbani kwao. Meza ya chumba kile imejaa skrubu ndani ya vikombe visivyo na vishikio. Akaniambia kitu ambacho mumewe hakupenda kisemwe dukani. Zamani, mashine za kimya zilipoingia, Fundi alikuwa wa kwanza kuzileta, na ya kwanza kabisa alimpa mdogo wake, ambaye alikuwa mwindaji. Alijivuna nayo. Alimwambia, hii utalala nayo na hutaisikia. Mdogo wake akaenda kuwinda na rafiki yake. Mvua ikanyesha. Wakaona mashine itaharibika, na kwa kuwa haiwasumbui, wakaivuta ndani ya hema, karibu na miguu. Asubuhi yule rafiki alitambaa nje, kichwa kinamuuma kama kinapasuka. Mdogo wake Fundi hakuamka. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu, wasikilizaji wapendwa, na hewa hiyo huioni wala huinusi. Haikuamshi. Inakuzidishia usingizi.

Mjane akaniambia, "Mume wangu alikuwa anasema, mashine yenye makelele watu wanaifukuza wenyewe. Hii ya kimya wanaisogeza. Kwa hiyo anayeiuza ndiye ana kazi ya kuipeleka mbali."

Basi ndiyo maana ya hatua ishirini. Naomba nirudie, kwa anayefungua redio sasa hivi. Hatua ishirini si kwa ajili ya kelele. Ni kwa ajili ya moshi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka, na sitaparuka.

Jumatatu wiki hii Fundi alikwenda hospitali kupimwa presha. Dukani alibaki binti yake, naye ni fundi, na fundi mzuri. Akaja mteja, mrefu, na mabinti wawili wadogo. Ana pikapu ya bluu. Akasema Jumamosi anawapeleka wanawe kupiga kambi kwa mara ya kwanza, naye atawinda kidogo. Aliketi kwenye benchi, akasimulia safari yake kwa sauti ya kawaida, akachagua jenereta ya kijani. Imara, nyepesi, na kimya kuliko zote dukani. Lakini siku hiyo plagi zilikuwa zimekwisha, na waya wake ulikuwa haujafungwa ncha. Binti akamwambia apitie kesho yake kuuchukua. Akasema sawa. Wale watoto walikuwa wanavutana nguo, yeye ana haraka, namba ya simu haikuandikwa. Kesho yake hakupita.

Fundi aliporudi Jumatatu ile ile jioni na kuelezwa, binti anasema hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alifunga ncha za waya hapo hapo kwa plagi za kuazima, akaanza kuzunguka. Alikwenda kwa wauza mahema. Alikwenda vituo vya mafuta kuulizia pikapu ya bluu. Na Jumanne saa tisa alasiri alikuja hapa, kwenye jengo hili, akaomba kuonana na mimi.

Nilitoka kwenye korido. Hakukubali kiti. Alitembea kutoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa hadi mlangoni, akarudi, huku ananieleza. Alitaka tangazo lisomwe saa ile ile. Nami nilikuwa na kipindi cha kuandaa, na muda wa matangazo ulikuwa umepita. Nikamwambia, Fundi, redio ina utaratibu wake, andika, litasomwa kesho baada ya taarifa ya habari ya saa saba.

Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, wewe una watoto?"

Nikamwambia ninao.

Akasema, "Basi usilisahau."

Akaandika amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani. Nikaiweka kwenye trei. Juu yake zikawekwa nyingine: mnada, mkutano wa wazazi, mbuzi aliyepotea. Jumatano taarifa ya habari ikasomwa, matangazo yakasomwa. La mbuzi lilisomwa. La Fundi halikusomwa. Nililisahau, wasikilizaji wapendwa. Sina neno zuri zaidi la kuliita.

Binti yake aliniambia jana, bila kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. "Dada, baba aliweka redio juu ya meza ya kazi. Alisikiliza taarifa yote mpaka hali ya hewa. Halafu akazima, akauchukua waya begani, akasema ataendelea kumtafuta kwa miguu." Alianguka mbele ya wauza matairi. Hakufika mbali. Wao ndio waliombeba, na mmoja wao akaurudisha waya dukani, amejitahidi kuukunja vizuri kama alivyokuwa akiukunja mwenyewe.

Karatasi nimeikuta jana jioni. Ninayo mkononi. Naisoma kama alivyoiandika, na nitaisoma mara mbili.

"Kwa bwana mrefu mwenye pikapu ya bluu na mabinti wawili, aliyenunua jenereta ya kijani Jumatatu. Mashine yako ni nzuri. Waya wako uko tayari. Tafadhali usiende bila waya. Usiiweke mashine ndani ya hema wala mlangoni mwa hema, hata kama mvua inanyesha, hata kama huisikii. Bora ilowe. Ikiharibika nitakupa nyingine. Ni mimi Fundi."

Narudia. Pikapu ya bluu. Mabinti wawili. Jenereta ya kijani. Usiiweke ndani ya hema wala mlangoni, hata kama mvua inanyesha. Bora ilowe. Waya wako ninao mimi, hapa mezani, chini ya kipaza sauti. Binti wa marehemu ameuleta asubuhi. Nimezihesabu tepe zake: ziko nne, nyekundu. Kama umeshafunga mizigo, ifungue. Kama uko njiani, geuza gari.

Mwenzangu aliye nyuma ya kioo ananipungia mkono. Kuna simu. Ngojeni.

Si yeye. Ni mama mmoja, fundi cherehani. Anasema hajawahi kwenda kambi yoyote wala hana mpango. Ila umeme ukikatika huwa anaweka jenereta yake kwenye ukumbi, karibu na chumba cha watoto, kwa kuwa haipigi kelele. Anasema ameshaitoa nje sasa hivi, ameiburura peke yake. Asante mama. Pumzika kidogo. Fungua na madirisha.

Lakini yule bwana bado.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane wa marehemu, mama yetu, ambaye sasa atakunywa chai yake akiwa hana tena wa kumwambia kaa: pole sana. Kwa binti yake, fundi mwenzake: pole, na ulifanya kazi yako, nami ndiye sikufanya yangu. Kwa wauza matairi mliombeba: mmebeba mtu mwema. Namwomba Mungu ampokee, na kama huko kuna mahali pa kukaa, amkalishe, maana huku alikataa. Na sisi tuliobaki, kila mmoja aangalie trei yake leo. Kuna karatasi ya mtu humo chini. Kuna mtu alisimama mbele yako hakukaa, ukamwambia kesho.

Narudia tangazo mara ya tatu. Kwa bwana mrefu mwenye pikapu...

Samahani. Mlinzi wa getini anapiga simu ya ndani. Subirini.

Anasema kuna mwanamume amesimamisha pikapu ya bluu, injini haijazimwa. Nyuma kuna mizigo imefungwa kwa kamba. Ndani kuna watoto wawili wa kike. Jina hakutaja. Ameuliza tu kama waya bado upo.

Upo, ndugu yangu. Upo.

Mwenzangu, shika kipindi hapa. Nashuka nao mwenyewe. Tutatoka barabarani, yeye na mimi na hao mabinti, tuhesabu mpaka ishirini, mbele za watu.